Eksirei haisomi umri wa sahani

Swali: Tumerithi sahani ya Kichina, buluu na nyeupe, kutoka kwa bibi yetu hapa Lamu. Bwana mmoja aliipima kwa kifaa cha mkononi cha eksirei, akasema kobalti yake, yaani madini yanayotoa buluu, ni ya enzi ya Yuan, miaka 700. Anatuuzia cheti. Tumlipe?

Jibu: Msimlipe. Kifaa hicho kinataja kilichomo: chuma, manganizi, kobalti, kalsiamu. Mwaka haumo, mwaka anauongeza mwenye kifaa.

Ni kweli kobalti iliyotumika Jingdezhen, mji wa China unaotengeneza kauri, karne ya 14 ilitoka nje ya China, nayo ina chuma kingi na manganizi kidogo, ilhali ile ya machimbo ya China iliyoenea baadaye ina manganizi nyingi. Matapeli wanapenyea hapo. Wakiona manganizi kidogo, basi, Yuan! Lakini kobalti safi ya viwandani nayo haina manganizi, na chuma mwigaji hujiongezea mwenyewe.

Tena buluu hiyo imelala chini ya tabaka la kioo. Chuma kimo kwenye rangi, kimo kwenye kioo, kimo hata kwenye udongo. Anayeijua kazi hupima kwanza sehemu nyeupe kando ya mchoro, kisha buluu, ndipo atoe hesabu ya chuma cha rangi peke yake. Mwulizeni bwana huyo kama aliipima nyeupe.

Kipimo hiki hukanusha vizuri kuliko kinavyothibitisha. Rangi ya kijani yenye kromiamu kwenye chombo kinachoitwa cha Ming, enzi iliyofuata Yuan, inamaliza mjadala, maana kromiamu haikujulikana kabla ya mwisho wa karne ya 18. Kutokuipata hakuthibitishi chochote.

Kinachoniuma zaidi ni matokeo ya biashara hii ya vyeti. Bakuli lililojengewa kwenye kaburi la nguzo linabanduliwa, vigae vinafukuliwa magofuni usiku, kwa imani kwamba mashine itasema vina umri gani. Kigae kilichochimbuliwa kwa utaratibu, kama vile vya Gedi au Shanga, magofu ya miji ya kale ya pwani yetu, hukutwa katika tabaka lake pamoja na sarafu, makaa na vyungu vya wenyeji, na hivyo ndivyo vinavyokitolea tarehe. Kikishang'olewa hapo, habari hiyo imepotea, na hakuna maabara itakayoirudisha.

Msiioshe sahani kwa asidi, wala msimruhusu mtu kuikwangua. Ipigeni picha mbele, nyuma, na hasa ukingo wa kitako ambako udongo uko wazi, kisha muipeleke Makumbusho ya Lamu.