Tangi la samaki la mtumba lisiguswe na sabuni

Tangi langu la kwanza la mtumba nililiosha kwa sabuni ya unga. Nililisugua kwa dodoki mpaka kioo kikalia, nikasuuza mara tatu, nikajaza maji ya bomba na kutia samaki wa dhahabu wanne papo hapo. Asubuhi walikuwa juu ya maji wakitweta. Hadi jioni wote walikuwa wamekufa. Niliwakosea mara mbili: sabuni hunasa kwenye silikoni, ile gundi ya pembeni, na kuunguza matamvua wanayopumulia, na klorini ya bomba hufanya vivyo hivyo. Bado inaniuma.

Kwa hiyo ukipata tangi la mtumba, muulize kwanza muuzaji samaki wake walikufaje na aliwatia dawa gani. Dawa zenye shaba hujificha kwenye changarawe na mawe, kisha huua konokono na kamba utakaowafuga baadaye. Akisitasita, changarawe na sponji tupa, chukua kioo tu.

Halafu lipime kama linavuja. Langu la sasa lina sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, na maji peke yake ni kilo 54. Hebu fikiria mzigo huo ukipasukia sebuleni. Liweke uani pasipo na mwinamo, tandika maboksi makavu chini, lijaze, liache siku mbili. Boksi likilowa, silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Usinunue ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Ni sumu kwa samaki.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya siki nyeupe. Sisi wa maji ya kisima tunalijua lile gamba jeupe linaloganda kwenye mstari wa maji. Lilaze tangi ubavu, tandika kitambaa kilicholoa siki juu ya gamba, kikae nusu saa. Linalobaki litoe kwa wembe ulioulaza, mbali na silikoni. Tangi likiwa la plastiki, wembe usiguse kabisa, litachubuka.

Jiki ninaitumia pale tu ninaposhuku ugonjwa: isiyo na manukato, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, dakika 10 hadi 15, nje penye upepo. Siki iwe imesuuzwa yote kabla, maana vikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo inakudhuru wewe mwenyewe. Baada ya hapo suuza sana, anika juani mpaka harufu iishe, kisha jaza maji yenye dawa ya kuondoa klorini.

Hapo usikimbilie dukani kununua samaki. Tangi lililooshwa hivi halina bakteria wa kumeza amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi, na kuwajenga huchukua wiki 4 hadi 6. Mimi nilimwomba rafiki mwenye samaki wazima sponji ya filta yake, chafu vilevile kwa kuwa bakteria hao hukaa humo, nikaibeba kwenye ndoo ya maji ya tangi lake ili isikauke njiani. Nikaiweka kwenye filta yangu, nikaanza na samaki wawili tu, na maji nikawa nayapima amonia kila siku.