Kabla hujanunua tiketi ya Delta ya kwenda nyumbani

Ndugu na jamaa hapa Minneapolis wakipanga kwenda Nairobi au Dar huniuliza Delta, shirika la ndege la Marekani, inashusha nauli lini. Mimi huwarudishia swali: mnajua kampuni hii inakula wapi?

Delta ilianza mwaka 1925 huko Macon, Georgia, kwa ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya pamba. Abiria walikuja 1929. Makao makuu yakahamia Atlanta mwaka 1941, na ilipolimeza shirika la ndege la Northwest mwaka 2008 ikarithi vituo vyake vikuu vya Minneapolis na Detroit, pamoja na ushirika wa Northwest na KLM, shirika la ndege la Uholanzi. Ndiyo maana tiketi yako inasema Delta lakini kutoka Amsterdam unajikuta ndani ya ndege ya KLM. Delta yenyewe haifiki Nairobi. Mwaka 2009 ilikuwa imebaki kidogo ianze, mamlaka za usalama za Marekani zikaizuia dakika za mwisho.

Turudi kwenye pesa. Mafuta ni gharama kubwa kiasi kwamba mwaka 2012 walinunua kiwanda cha kusafisha mafuta huko Trainer, Pennsylvania! Lakini asali yenyewe iko kwenye kadi za mkopo. American Express, kampuni ya kadi hizo, hununua maili za SkyMiles (pointi za Delta ambazo msafiri hulipia nauli) ili iwape wateja wake, na mwaka 2023 iliilipa Delta karibu dola bilioni 7. Kwa hiyo yule mhudumu anayekutembezea fomu ya kadi angani hafanyi ukarimu, yuko kazini. Kama hulipi deni lote kila mwezi, mwambie asante, basi. Riba itakula maili zote na nauli juu yake.

Kujiunga na SkyMiles ni bure, na maili hazina tarehe ya kuisha, kwa hiyo jiunge na uweke namba yako hata ukipanda KLM. Ila ile nauli ya chini kabisa, Basic, haikupi maili wala haikuruhusu kubadili tarehe. Kwa safari ya nyumbani, ambako tarehe hubadilika kwa sababu ya msiba au harusi, mimi siigusi.

Nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Ukiungaunga tiketi mbili kwa kufuata bei rahisi, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na hakuna wa kumdai. Ukinunua moja kwa moja kwenye kampuni, siku 7 au zaidi kabla ya safari, sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kughairi na kurudishiwa pesa zote. Mimi hulipia kwanza, kisha natumia saa hizo kumpigia bosi kuhusu likizo.

Wakati wa kurudi, acha nafasi ya kutosha. Ukitua uwanja wa kwanza Marekani, kwa kawaida utachukua mabegi yako, uyapitishe forodhani, kisha uyakabidhi tena. Saa moja na nusu pale Atlanta, ukiwa na watoto na unga wa ugali kwenye begi, haitoshi.