Ndimu, magadi soda, majivu na jua: navyosafisha nyumba yenye mgonjwa wa pumu na mtoto mdogo

Mdogo wangu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema mumeo ana pumu na kila ukipiga deki kwa ile dawa yenye harufu kali anaanza kukohoa, mtoto ana miezi minane, hela ya sabuni inakushinda, na mama mkwe anataka kumlambisha mtoto asali na ndimu kwa sababu ya kifua. Umeuliza vitu vya asili vipi vinafaa. Mimi ni wa Tanga, nimelelewa na bibi Pangani, sasa niko Temeke na watoto wanne, na wa pili ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu. Haya ninayokuandikia nimeyafanya kwa mikono yangu.

Naanza na asali maana hilo halingoji. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata tone. Ndani ya asali huweza kuwemo mbegu za kijidudu ambacho kikifika kwenye utumbo wa mtoto mchanga kinamea na kutoa sumu. Utumbo wa mtu mzima unakizuia, wa mtoto wako bado. Sumu hiyo hulegeza misuli: mtoto anashindwa kunyonya, kilio kinakuwa hafifu, shingo inalegea, na ikizidi hata pumzi inakatika. Kuichemsha asali jikoni hakusaidii, mbegu zile zinavumilia maji ya kuchemka. Akishavuka mwaka, hapo asali ni dawa nzuri ya kulainisha koo, kijiko kidogo kabla ya kulala. Hata Shirika la Afya Duniani liliitaja mwaka 2001 lilipoandika kuhusu dawa za kikohozi kwa watoto wadogo.

Kwa mama mkwe usiende na neno la "siku hizi hairuhusiwi." Mimi wangu nilimwambia, "Mama, tumwekee hii asali. Siku akitimiza mwaka wewe ndiye utakayemlambisha kijiko cha kwanza." Akaichukua chupa akaifungia kabatini kwake, na siku ilipofika aliitoa mwenyewe. Kwa sasa mtoto anyonye sana na umsafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Halafu mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa. Kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au ukiona mbavu zinaingia ndani, au amegoma kunyonya, mpeleke siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Sasa usafi. Bibi alikuwa hana dawa ya duka hata moja na masufuria yake uliweza kujitazama. Alikuwa anagawa uchafu kwenye mafungu mawili: unaotaka uchachu, na unaotaka magadi. Mafuta, masizi na jasho la kwenye kola vinataka upande wa magadi: majivu, magadi soda, sabuni. Kutu, ukoko mweupe wa maji ya chumvi na shombo vinataka uchachu: ndimu, siki, ukwaju. Ukishajua uchafu wako ni wa fungu gani, nusu ya kazi imekwisha, na utaacha kununua chupa saba za rangi saba.

Chukua shombo la samaki. Wengi wetu tukimaliza kupaa samaki tunakimbilia sabuni, na mikono inanuka mpaka jioni. Shombo lenyewe lina tabia ya magadi, na sabuni nayo ni ya upande huohuo, kwa hiyo ukianza na sabuni unaliamsha. Anza na ndimu. Sugua viganja, katikati ya vidole, ubao na kisu, subiri kidogo, suuza, ndipo upake sabuni. Uchachu unalifunga shombo lisiruke tena puani. Ila mikono uioshe vizuri kabla hujatoka kuanika nguo. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi. Mtoto ndiyo kabisa, usimpake ndimu mwilini.

Birika lenye ukoko mweupe ndani: jaza maji, kamulia ndimu tatu au mimina siki nyeupe kikombe kimoja, chemsha, acha lipoe, mwaga, na ukoko unatoka wenyewe kama ganda la yai. Shati lenye kutu ya kamba ya waya: ndimu na chumvi juu ya doa, lianike juani, lirudie likikauka. Sinia la shaba ni ukwaju, umelisugua mwenyewe kwenu bila shaka.

Kwa mafuta, majivu ya mkaa au ya kuni yaliyochekechwa, kipande cha kumbi la nazi, na maji kidogo. Sufuria la alumini usilisugue kwa nguvu kila siku, linachakaa na kuwa jeusi. Magadi soda ninayosema ni ule unga mweupe laini wa pakiti. Usiuchanganye na magadi ya mawe ya kuivishia maharage, yale ni makali zaidi na yanachubua mikono. Nautumia kwenye jiko la gesi lililogandiwa na mchuzi: nyunyiza, lowanisha, ngoja nusu saa, futa. Kwenye friji naweka kisosi kimoja chake pembeni kwa ajili ya harufu, nabadilisha kila mwezi.

Utaona video nyingi za kumimina siki juu ya magadi soda, povu linapanda, watu wanafurahi. Dada, viwili hivyo vinauana. Povu lile ni hewa tu inayotoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi, siki imepoteza uchachu wake na magadi yamepoteza ukali wake. Kwenye sinki lililoziba povu linaweza kusukuma kidogo, lakini mafuta ya nazi yaliyoganda kwenye bomba yanataka maji ya moto na sabuni. Tumia kimoja, suuza, ndipo kingine.

Na siki usiimwage kwenye sakafu ya teraso wala meza ya marumaru. Inakula mng'ao wake, na haurudi mpaka fundi apitishe mashine.

Hili la manjano nalisimulia kwa sababu lilinitisha. Sikukuu ya Idi, mwanangu amevaa kanzu mpya nyeupe, akamwagikiwa na mchuzi kifuani. Mimi mbiombio nikapaka sabuni ya mche. Doa la njano likageuka jekundu, jekundu la damu, nikadhani nimeiunguza kanzu. Nikampigia bibi simu. Akacheka kidogo, akaniambia suuza sabuni yote itoke, irudi njano, kisha ianike imelowa, doa likitazama jua. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Alasiri nilipoigeuza doa lilikuwa limefifia kama chai ya maziwa, nikailowanisha tena, na kesho yake jioni sikuweza kuonyesha lilikuwa wapi. Manjano yakikutana na kitu cha upande wa magadi yanageuka mekundu, na rangi yake haivumilii jua. Tangu siku hiyo nguo za shule, bibu za mtoto na mabeseni ya plastiki yaliyoingia rangi ya mchuzi navipeleka juani kwanza. Damu nayo ni maji baridi na chumvi, usithubutu maji ya moto, inaganda ndani ya uzi.

Sasa niseme la jiki, na hapa nakuomba usome taratibu. Mwaka 2013, mwezi wa Ramadhani, tulikuwa na wageni wa futari. Choo chetu ni kidogo na dirisha lake ni kama kiganja. Nikamwaga jiki kwenye bakuli la choo, nikaona ule ukoko wa njano hautoki, nikakumbuka kuwa ukoko unataka uchachu, nikaongeza siki nusu chupa juu ya ileile jiki. Mlango nilikuwa nimeufunga ili mtoto asiingie. Kabla sijaweka chupa chini macho yaliwaka, koo likajifunga, nikawa navuta pumzi haiingii. Nilipapasa kitasa kwa mkono uliolowa, ukateleza mara mbili. Nilipotoka nilimkuta yule mwanangu mwenye pumu amesimama mlangoni anangoja kuingia. Nikamsukuma mpaka uani. Yeye alisalimika, mimi nilikohoa siku nne, na daktari aliniambia nilitengeneza gesi ya klorini nyumbani kwangu mwenyewe. Jiki na kitu chochote kichachu ni sumu. Siki, ndimu, dawa ya choo yenye asidi, vyote.

Na wewe una mtoto wa nepi, kwa hiyo jua na hili: mkojo wa siku nzima ndani ya ndoo ukimwagiwa jiki nao unatoa hewa mbaya ya kuchoma kifua. Nepi zisuuze kwa maji mengi kwanza, zifue kwa sabuni, zianike juani. Mimi nyingi sikuzitia jiki kabisa.

Lakini sikuambii uitupe jiki. Ndimu na siki zinaondoa ukoko na harufu, ila kuua vijidudu vya maradhi usizitegemee. Nyumbani akiumwa mtu kuhara, hasa kipindi cha kipindupindu, choo na sakafu vinataka jiki iliyochanganywa na maji peke yake, madirisha wazi, na mumeo awe nje mpaka pakauke. Siku za kawaida, sabuni ya kipande na maji zinatosha deki ya nyumba nzima, na hazina harufu ya kumkaba mtu.

Kuhusu pumu yenyewe, neno "asili" lisikudanganye. Kwangu udi na ubani vilimtesa mtoto kuliko dawa yoyote ya deki. Moshi ni moshi, uwe wa udi, wa maganda ya machungwa au wa makumbi ya kufukuzia mbu. Niliacha kufukiza ndani, tukabaki na chandarua. Nilimwona mgeni amekaa sebuleni hana harufu ya udi nikaona haya, kisha nikazoea. Vumbi nafuta kwa kitambaa kibichi, sifagii kavu yeye akiwepo, na mashuka nayaloweka kwenye maji ya moto sana kila wiki kwa ajili ya vile vidudu vya vumbi visivyoonekana. Godoro linatoka juani nafasi ikipatikana. Kujifukiza kwa sufuria la maji ya moto chini ya shuka, kulikorudi kwa nguvu kipindi cha korona mwaka 2020, usimfanyie mtoto. Likipinduka ni mapajani.

Akiungua, Mungu apishe mbali, mwagia maji ya bomba yasiyo ya barafu dakika 20. Dawa ya mswaki, yai na unga vinafungia joto ndani na nesi anakuja kuvibandua kwa maumivu.

Akiharisha, nunua pakiti za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki mapema uviweke ndani, na aendelee kunyonya. Ikitokea usiku huna pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi mwaga uanze upya, chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Asubuhi mpeleke.

Meno yanakuja miezi hii, na utaambiwa umpake mafuta ya karafuu kwenye fizi. Mimi mwenyewe jino likiniuma natafuna karafuu na inatia ganzi kweli, lakini mafuta yake akiyameza mtoto ni hatari. Mpe kijiko cha chuma kilichopozwa akitafune. Mwarobaini nao majani makavu nayatia kwenye gunia la maharage na wadudu wanapungua, ila mafuta yake yamewahi kuwaumiza watoto wachanga walionyweshwa, usiruhusu mtu akuletee hiyo dawa.

Mwezi ujao huyo ataanza kutambaa hasa. Mafuta ya taa, jiki na soda kostiki kama mnatengeneza sabuni, usiviweke hata siku moja kwenye chupa ya maji au ya soda. Jirani yangu mtoto wake alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya maji iliyokuwa chini ya meza, wakamtapisha kwa maziwa, na kule kutapika ndiko kulikopeleka mafuta kwenye mapafu. Alilazwa wiki mbili. Asitapishwe, achukuliwe na chupa yake aende hospitali.

Hujasema maji yenu ni ya bomba au ya kisima. Kama ni kisima cha chumvi sabuni haitatoa povu na ndiyo maana hela inakwisha, maana unaongeza tu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye mfuniko kwa ajili ya kufulia. Nijibu hilo, na uniambie sakafu yenu ni saruji, tailizi au teraso, nikuandikie vipimo vya kila moja.