Kufuga samaki wa bonde la Ruvu katika tangi la nyumbani: ushauri kwa wanaoanza

Mtu anayetaka kufuga samaki wa mapambo hapa Bagamoyo mara nyingi huanza kwa safari ya Dar es Salaam, akarudi na samaki wa dhahabu wawili watatu. Asili ya samaki huyo ni China, naye hupenda maji yenye ubaridi. Akiwekwa sebuleni kwetu mwezi wa Februari, maji ya tangi yanapokaribia nyuzi 30, hukosa raha, hula kidogo na kuugua upesi. Wakati huohuo, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya bonde la Ruvu, wamo samaki wadogo wenye rangi za kupendeza, waliozaliwa katika joto hilihili. Nimefuga wa aina zote mbili, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba aanze na samaki wa kwao.

Perege wa mito yetu, Oreochromis urolepis, hafai kwa tangi la sebuleni, kwa sababu hukua hadi kuwa kitoweo. Anayefaa zaidi kwa mwanzo ni samaki wa jamii ya Enteromius, mdogo, mwenye rangi ya fedha, anayeogelea kwa kundi. Wekeni sita au zaidi, kwa kuwa akiwa peke yake huwa mwoga na hujificha. Wa pili ni Astatotilapia bloyeti, ambaye dume lake hung'aa na lina madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la nyuma ya tumbo, na jike lake hulea mayai kinywani. Madume yake ni magomvi, kwa hiyo dume moja na majike matatu yanatosha kwa tangi moja. Wa tatu, ninayempenda kuliko wote, ni Nothobranchius melanospilus wa madimbwi ya msimu, ambaye nitamweleza kwa kirefu hapa chini.

Kabla ya kwenda kuwatafuta, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai leseni, na kuvua kwa chandarua ni marufuku, hata kama unachotaka ni samaki watano wa kutia tangini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani usithubutu kuchota kitu. Ukifika kwenye majaruba, toa salamu kwanza na umwombe ruhusa mwenye shamba. Wazee wa mpunga wanajua dimbwi lipi hukauka lini kuliko mtu mwingine yeyote. Simama ukingoni, utumie kimia chenye mpini mrefu, na uvae mabuti, kwa sababu maji yaliyotulia ya ukanda huu yana kichocho, na Ruvu yenyewe ina mamba na viboko. Kwa sababu hiyohiyo ya kichocho sichukui konokono wa porini, na kila jani la majimaji ninalolichukua hulisuuza na kulikagua upande wa chini, mahali konokono hutaga, kabla halijaingia tangini.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54, na fundi vioo aliye makini anaweza kuliunganisha kwa kioo cha milimita 6. Muulize silikoni anayotumia, kwa kuwa ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Lisimame juu ya meza imara, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na liwe na kifuniko, maana samaki wa madimbwi wanaruka sana. Kipasha joto hakihitajiki Pwani. Hela yake ni bora iende kwenye pampu ya hewa na chujio la sponji.

Maji ya bomba ya Bagamoyo hutoka mtambo wa Ruvu Chini, kwa hiyo kwa asili ni maji ya samaki hawa wenyewe, isipokuwa yametiwa klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, klorini ipungue. Maji ya visima vya karibu na ufuo yaonje kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, usiyatumie. Kisha subira inahitajika. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoishi kwenye sponji ndio wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu kuwa nitrati yenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea, kwa hiyo washa chujio, tia chembe za chakula katika tangi lisilo na samaki, na usubiri. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki, na sponji uisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, kamwe si ya bomba, ili usiwaue bakteria hao. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, acha kulisha, na kama huna pampu ya betri, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa.

Sasa Nothobranchius. Samaki huyu huishi kwenye dimbwi litakalokauka baada ya mvua, naye hufa nalo, lakini mayai yake hubaki hai ndani ya tope kavu hadi mvua zinazofuata. Tangini anahitaji kibakuli cha mahali pa kutagia. Wenzetu wa nje hukijaza mboji maalumu. Sisi tunao usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Tahadhari ni kwamba makumbi yetu mengi hufukiwa ufukweni, kwa hiyo yana chumvi: yachemshe na kuyasuuza hadi maji yasiwe na rangi wala ladha. Ukitulia mbele ya kioo utaona dume lenye mkia mwekundu likimkaribia jike wa rangi ya kahawia mwenye madoa meusi, likimfunika mgongo kwa pezi lake na kumbana hadi kwenye usumba. Wote wawili hutetemeka kidogo, na yai moja linaingia chini. Hurudia hivyo mara nyingi kwa siku.

Baada ya wiki mbili toa usumba, ukamue kwa kitambaa hadi ubaki na unyevu wa tumbaku, ufunge mfukoni na uuweke kabatini miezi mitatu hadi sita. Yai likiwa tayari, macho ya kifaranga huonekana ndani yake yakiwa na mduara wa dhahabu. Hapo mimina maji ya ubaridi yenye kina kifupi, na vifaranga huanza kutoka siku hiyohiyo. Usitupe usumba uliobaki: mayai hayaanguliwi yote kwa pamoja, na hiyo ndiyo kinga yake porini pale mvua za vuli zinapoanza kisha zikakatika. Ukaushe tena na uulowanishe baada ya mwezi mmoja au miwili.

Samaki hawa hupenda chakula kilicho hai. Viluwiluwi vya mbu wanavila kwa pupa, ila usivifuge uani, maana utafuga malaria; chota vilivyopo na uvitie vyote tangini siku hiyohiyo. Wakionekana na vumbi la rangi ya dhahabu mwilini huku wakijikwaruza, kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita 10 husaidia.

Samaki wakizidi, wape wafugaji wenzako. Usiwamwage mto mwingine wala kuwarudisha porini baada ya kukaa na samaki wa dukani, kwa sababu watabeba magonjwa. Sato aliyeletwa kwa ajili ya mabwawa tayari anazaana na perege wetu wa asili, na mchanganyiko huo hautenganishwi tena. Kila mfuko wa mayai unaomkabidhi mtu uandike jina la samaki, dimbwi alikotoka na tarehe, naye umwombe asiwachanganye na wa bonde la Wami au la Pangani.