Maswali ya Wasomaji: Kamala hakuwa Mganda

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Bukoba na msomaji wako wa miaka mingi. Mieleka ya Marekani nimeitazama tangu nikiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1993 Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo hata kimoja cha televisheni, lakini mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Masaka na Kampala, alirudi safari moja na deki pamoja na mikanda minne ya video, na kila Jumapili jioni sebule yake ilijaa watoto wa mtaa mzima hata wengine wakalazimika kuchungulia dirishani. Mkanda mmoja ulikuwa wa mapambano ya Agosti 1992 katika Uwanja wa Wembley, London, na humo alikuwamo Kamala, jitu la Uganda. Aliingia ulingoni pekupeku, kavaa kinyago, kashika mkuki, na mwilini kachorwa nyota na mwezi.

Mjomba alikuwa amesikia kwamba Kamala aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Nyumba ya wazazi wake ng'ambo ya Mto Kagera ilichomwa majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978, kwa hiyo alimshangilia yeyote aliyempiga Kamala, akisimama na kupiga meza kwa ngumi. Sisi watoto tulimpenda Kamala kwa siri, kwa sababu moja tu: jina hilo ni la kwetu Wahaya, na darasani kwetu walikuwamo akina Kamala wawili.

Kwamba matokeo ya mieleka hupangwa niliambiwa nikiwa kidato cha pili. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaendelea kutazama, na halijaniumiza tena. Kilichoniumiza nimekisoma mwaka huu: kwamba Kamala aliitwa James Harris, mtu wa Mississippi, na kwamba alifariki mwaka 2020 akiwa amekatwa miguu yote miwili. Tangu siku hiyo kila nikiwasha televisheni naona kinyago na mkuki, nazima. Hata ushindi wa ubingwa wa mwanamieleka Kofi Kingston wa mwaka 2019, ulionitoa machozi mbele ya mke wangu, sasa nauona kuwa ni karata nyingine ya watu walewale.

Je, miaka yote hiyo nilikuwa nikishangilia matusi niliyotukanwa mwenyewe? Nimzuie mwanangu wa miaka 11 asitazame? Na mikanda ya mjomba, ambaye sasa ni marehemu, niichome?

Msomaji wa Bukoba

JIBU

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, yaani kupangwa kwa matokeo na uongo aliovishwa mtu. La kwanza nitalipitia kwa ufupi, kwa kuwa wewe mwenyewe umekwisha kulivuka. Mwezi Februari 1989 wenye kampuni ya mieleka ya WWF, ambayo tangu mwaka 2002 inaitwa WWE, walikwenda wenyewe mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey wakaeleza kwamba kazi yao ni burudani na wala si shindano la kweli, maana walitaka kuondolewa chini ya tume iliyosimamia michezo ya ngumi na mieleka. Mikanda ya mjomba wako ilipofika Bukoba, siri hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa miaka minne kabla na wenye siri.

Hata hivyo neno "bandia", ambalo jirani hulitupa kila anapotukuta tunatazama, silikubali. Chini ya lile turubai la ulingoni pana sponji nyembamba, chini ya sponji pana mbao, na chini ya mbao pana vyuma. Anayeangushwa hufundishwa kubana kidevu kifuani na kuufikisha mgongo wote chini kwa mara moja, huku mikono ikipiga sakafu, ili kishindo kisambae kisikusanyike shingoni. Anayenyanyuliwa huruka kidogo ili mwenzake asivunjike kiuno. Wanatunzana, na bado wanaumia, kwa sababu mwili wa mtu mwenye kilo 120 ukiangushwa huwa umeangushwa, awe ameambiwa mapema kwamba atashindwa au hakuambiwa. Tarehe 28 Juni 1998, mjini Pittsburgh, mwanamieleka Mick Foley alitupwa na mwenzake aitwaye Undertaker kutoka juu ya kizimba chenye kimo cha karibu mita 5 akaangukia meza, akarudi akapanda tena, safari ya pili paa la kizimba likampasukia akadondoka hadi ulingoni na kupoteza fahamu. Na tarehe 23 Mei 1999, katika ukumbi wa Kansas City, mwanamieleka Owen Hart, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini ili aingie kwa mbwembwe, kifungo kikaachia, akaanguka akafa. Onyesho liliendelea usiku uleule, na wenzake wakapigana katika ulingo uleule alioangukia. Mimi siku niliyoyajua hayo nilikaa muda mrefu bila kutazama pambano lolote, na hata leo siwezi kuwasamehe walioamua kwamba kengele ya pambano lililofuata ipigwe.

Sasa nije kwa Kamala, ambaye ndiye aliyekufanya uandike.

James Harris alizaliwa mwaka 1950 huko Senatobia, Mississippi, katika familia ya Wamarekani weusi waliolima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Alipigana mieleka kwa miaka kadhaa akiitwa "Sugar Bear" Harris, akafika hadi Uingereza, na hakuna aliyemjali sana. Mwaka 1982 akaangukia mikononi mwa watayarishaji wa mieleka wa mji wa Memphis. Mmoja wao, Jerry Lawler, alikuwa mwanamieleka na pia mchoraji, na ndiye aliyebuni michoro ya usoni mwa Harris. Wakamvua viatu, wakamfunga ngozi ya chui, wakampa jina, na wakatangaza kwamba zamani alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Amin alikuwa amepinduliwa mwaka 1979, na jina lake lilikuwa bado bichi masikioni mwa Wamarekani kutokana na taarifa za habari, kwa hiyo hofu ilikuwa tayari imepikwa, ikabaki kupakuliwa tu. Vita iliyovunja daraja la Kyaka na kuwakimbiza wazazi wa mjomba wako ikawa tangazo la kuuzia tiketi kwa watu ambao wasingeweza kuonyesha Kagera iko upande gani wa dunia.

Kuna jambo moja nakuomba ulikumbuke, maana bila shaka uliliona sebuleni. Ili kushinda, mwanamieleka humlaza mpinzani chali na kuyabana mabega yake sakafuni mpaka mwamuzi ahesabu tatu. Kamala alikuwa akimlalia mpinzani aliyelala kifudifudi. Mwamuzi alikataa kuhesabu, yeye akashangaa, akapiga tumbo lake makofi, mpaka msimamizi wake aliyeitwa Kim Chee, aliyevaa mavazi ya safari na kofia ya wakoloni huku uso ameuficha, amwonyeshe kwa ishara kwamba ageuze mtu. Hakutakiwa hata kutamka neno la maana kwa lugha yoyote, iwe Kiganda, Kiswahili au Kiingereza alichozaliwa nacho. Mtu aliyekuwa ulingoni kwa zaidi ya miaka 10, aliyekuwa na kimo cha kama mita 2 na aliyejua kuanguka bila kumuumiza mwenzake, alilipwa ili ajifanye hajui kitu ambacho kila mtoto aliyechungulia dirishani kwa mjomba wako alikijua.

Wala hakuwa peke yake. Abdullah the Butcher, aliyetangazwa kuwa mtu wa Sudan, ni Larry Shreve wa Windsor, Kanada. Tony Atlas wa Roanoke, Virginia, alikuwa amekwisha kuingia katika historia mwaka 1983, yeye na Rocky Johnson walipokuwa timu ya kwanza ya weusi wawili kutwaa ubingwa wa wawiliwawili wa WWF, na bado mwaka 1990 alirudishwa ulingoni na kofia ya manyoya na mkuki, akiitwa "Saba Simba". Maneno hayo mawili ni yetu, ndugu yangu, na yamepangwa kinyumenyume. Hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kumuuliza Mswahili mmoja.

Kwa hiyo uliuliza kama ulishangilia matusi. Tusi lilikuwapo, sitakuficha, ila sikubali kwamba ninyi ndio mlioshiriki kulitukana. Walioliandika walimkusudia Kamala awe kiumbe cha kuogopwa, kisicho na nyumbani wala jamaa. Watoto wa Bukoba walilisikia lile jina wakampa ukoo, wakamketisha darasani pamoja na akina Kamala wawili, na mapenzi ya namna hiyo hayakuwamo kabisa katika mpango wa Memphis. Mjomba wako naye usimwone mjinga. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na watu wasiomjua walifanya biashara kwa kidonda chake, hilo ndilo kosa, na halikuwa lake. Ungependa kujua kwamba Harris naye aliendesha malori kujipatia riziki wakati mieleka haikumlisha.

Maana haikumlisha vizuri. Wanamieleka wa kampuni hiyo huhesabiwa kuwa wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa, ingawa kampuni ndiyo inayowapangia tarehe, jina, mavazi na maneno, na kwa sababu hiyo hawana bima ya afya ya mwajiri wala pensheni. Harris alilalamika hadharani kwamba malipo yake yalikuwa madogo mno yakilinganishwa na ya wale aliopambana nao. Kisukari kilimla mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa wanamieleka zaidi ya 50 walioishtaki kampuni kwa madhara ya vichwa waliyoyapata kazini, na mwaka 2018 kesi hiyo ikatupwa. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020 kwa korona, akiwa na miaka 70. Hasira yako nakuomba uipeleke huku, kwenye mikataba, kwa sababu kinyago kiliwekwa chini zamani lakini mtindo wa mikataba haujabadilika.

Kuhusu Kofi Kingston, machozi yale usiyajutie. Ni kweli kwamba hata yeye walianza kwa kumbandika uongo: mzaliwa wa Ghana akatambulishwa mwaka 2008 kuwa Mjamaika, akalazimika kuongea kwa lafudhi ambayo si yake. Lakini siku alipomshinda bingwa Daniel Bryan, tarehe 7 Aprili 2019, alikuwa akijulikana kwa nchi yake, na wanawe wawili walipanda ulingoni kumkumbatia, na wale hawakuwa wakiigiza. Alikuwa amesubiri miaka 11. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo wakampa Brock Lesnar mkanda wa ubingwa kwa pambano lisilofika sekunde 10. Bingwa kunyang'anywa mkanda ni jambo la kawaida katika hadithi yoyote ya mieleka, ila zile sekunde zilikuwa dharau kwa kila aliyekuwa amesubiri naye, na hapo naungana nawe kabisa. Kampuni iliandika ushindi na ikaandika dharau, lakini miaka 11 aliifanya Kofi kwa mgongo wake.

Mwanao usimzuie, bali kaa naye. Mtoto wa miaka 11 anaelewa vizuri sana kwamba igizo ni igizo, kama anavyoelewa maigizo ya shuleni kwao, lakini haelewi kwamba shingo inaweza kuvunjika kwa mzaha wa kwenye godoro. Mweleze jinsi kuanguka kunavyofundishwa kwa miezi mingi, na umkataze kata kata kumnyanyua mtoto mwenzake.

Mikanda usiichome. Unyevu wa ziwani huotesha ukungu juu ya utepe, na ukiona madoadoa meupe usiitie katika deki, kwani ukungu utachafua kichwa cha mashine na utepe wenyewe unaweza kukatika. Isimamishe wima mahali pakavu, kisha mtafute fundi anayehamishia video katika kompyuta, uanze na ule wa Wembley. Ukikamilika, mwite kijana mtazame pamoja pale Undertaker anapoletwa uwanjani juu ya gari la maiti, na mpinzani wake amekwisha kufika ulingoni kwa miguu yake, pekupeku. Kijana akiuliza yule ni nani, mwambie kwamba anaitwa James Harris, na kwamba alikuwa dereva wa malori, kama babu yake aliyeuleta mkanda huu.