Boya la kuvulia trauti mto Gura

Bro, umeuliza boya gani (kile kialama kinachoelea kwenye mshipi kuonyesha samaki ameuma) litafaa kwa nzi wa kuzama, yaani ndoano iliyoundwa kama mdudu, ukivua samaki trauti huko mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Inategemea maji, pale yametulia weka kauzi ka sufu kaliopakwa grisi juu kanatua polepole trauti hashtuki, ila kwa maji ya kasi na nzi mzito sufu inazama, chukua la povu, dogo kabisa linaloweza kubeba nzi wako. Toka boya hadi nzi acha mshipi urefu wa kama mara 1.5 ya kina cha maji na ubadilishe kila ukihama, wengi wanabadilisha nzi weee kumbe hafiki chini! Boya likikimbia kushinda mapovu ya maji ujue mshipi unalivuta, urushe huo mshipi upande wa juu wa mkondo. Na usingoje lizame, likisita tu inua fimbo.