Mtumwa Aliyedaiwa Talanta Elfu Kumi: Tuusomeje Mfano wa Mathayo 18?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Katika Mathayo 18:23–35 tunasoma habari za mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta (kipimo kikubwa cha fedha) elfu kumi, akasamehewa, kisha akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia. Mtumwa anawezaje kukopa mali nyingi namna hiyo? Na mfalme anayeamuru mke na watoto wauzwe, na mwishoni akampeleka mtu kwa watesaji, ndiye kweli Mungu tunayemwita Baba?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Maswali yako mawili yanatoka mahali pamoja. Tunapousoma mfano huu tunamfikiria mtumwa wa shambani na tajiri mkopeshaji, ilhali watu wa Kapernaumu, mji alimokuwa Yesu wakati huo na uliokuwa na kituo cha ushuru (Mathayo 9:9), waliposikia habari za mfalme anayefanya hesabu na watumwa wake, walijua kwamba yanayozungumzwa ni mambo ya kodi za nchi.

Katika falme za kale, maofisa wakubwa nao walihesabiwa kuwa watumwa wa mfalme. Hata Naamani, jemadari wa Shamu, anatajwa na bwana wake kuwa mtumishi wake (2 Wafalme 5:6). Aidha, wafalme wengi hawakukusanya kodi wenyewe, bali waliinadi: aliyeshinda mnada aliahidi kiasi fulani kwa mwaka, akawaweka watu wa kukusanya chini yake, na kilichopungua kikawa deni lake mwenyewe. Mwanahistoria Myahudi Josephus anasimulia habari za Yosefu wa ukoo wa Tobia, ambaye kabla ya zama za Kristo alimwahidi mfalme wa Misri talanta 16,000 kwa kodi za Siria, Foinike, Uyahudi na Samaria, wakati wazabuni wengine walikuwa wamefikisha 8,000 tu. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo angeweza kudaiwa fedha za kutisha bila kukopa hata dinari moja kwa matumizi ya nyumbani kwake.

Hata hivyo, kwa Mgalilaya kiasi hicho kilipita kipimo. Josephus huyohuyo anaandika kwamba Herode Antipa, mtawala wa Galilaya siku za Yesu, alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea, maana yake deni la mtu huyu mmoja lilikuwa sawa na kodi za miaka 50 za nchi waliyokuwa wakiishi. Talanta moja ilikuwa dinari zipatazo 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulipa deni lote, ilhali dinari 100 za yule mjoli (mtumwa mwenzake) zingelipika kwa kazi ya miezi minne hivi. (Wahubiri wanaogeuza talanta kuwa shilingi za leo hulazimika kurekebisha hesabu kila bei zinapopanda, ni afadhali kuhesabu siku za kazi.) Angalia basi kwamba wote wawili wanaomba kwa maneno yaleyale, “Nivumilie, nami nitakulipa,” lakini ni yule wa dinari mia peke yake ambaye angeweza kutimiza ahadi hiyo.

Kuhusu kuuzwa kwa mke na watoto, jambo hilo halikuwa geni. Mjane wa 2 Wafalme 4:1 analia kwamba mwenye kumwia (anayemdai) amekuja kuwachukua wanawe wawili, na katika Nehemia 5:5 watu wanalalamika kwamba watoto wao wanatiwa utumwani. Torati iliweka mpaka wa miaka sita kwa mtumwa Mwebrania (Kutoka 21:2), lakini mfalme wa mfano huu anatenda kama watawala wa mataifa walivyotenda. Bei ya familia moja isingefikia hata sehemu ndogo ya deni, kwa hiyo mauzo yale yalikuwa adhabu zaidi ya malipo. Watesaji nao walitumika kumlazimisha mdeni aonyeshe alikoficha mali, au kuwafanya jamaa zake walipe kwa kumhurumia.

Je, Mungu yuko hivyo? Yesu aliazima wahusika kutoka ulimwengu uliokuwepo, na hakukusudia kila tabia yao iwe sifa ya Mungu. Katika Luka 18 anamtumia hata kadhi dhalimu. Jambo ambalo mfalme yeyote aliyejulikana kwao asingelifanya ni kufuta deni lote, wakati mtu mwenyewe aliomba muda tu. Lakini sithubutu kukwepa mstari wa 35, ambapo Yesu mwenyewe anasema kwamba Baba atatenda vivyo hivyo kwa asiyemsamehe ndugu yake kwa moyo. Angalia tu mpangilio wa tukio: mfalme hakasiriki kwa sababu ya deni, bali anakasirika wajoli wanapomletea habari. Msamaha wa bwana ulitazamiwa kushuka hadi kwa walio chini ya mtumishi wake. Aliyeuzuia kwake mwenyewe aliidharau rehema ya mfalme mbele ya nyumba yote ya kifalme, akataka mambo yaendelee kwa sheria ya deni, na mfalme akamhukumu kwa sheria hiyohiyo.